Mtama wangu uligeuka njano nikaumwagia urea: yaliyonikuta shambani Kigwe

Nimekaa na hii stori mwaka na zaidi, naona aibu kuisimulia maana mi huwa najifanya mjuaji, lakini juzi jamaa mmoja wa Chamwino kanitumia picha ya mtama wake kwenye simu, majani yamekuwa ya njano yana mistari ya kijani kama kaptura ya timu ya mpira, ananiuliza aongeze urea mifuko mingapi. Nikampigia palepale nikamwambia weka huo mfuko chini kwanza, urea ni naitrojeni tu, na huenda mtama wako una njaa ya chuma kama wangu.

Mi ni mfanyakazi wa ofisini hapa Dodoma mjini, nalima kwa simu kama wengi wetu. Shamba ni eka tano karibu na Kigwe, wilaya ya Bahi, la marehemu babu mzaa mama, na anayekaa kule ni mjomba. Eka tatu za juu ni udongo mwekundu wa kichanga, ule wa kawaida wa Ugogoni. Eka mbili za chini zinashuka kuelekea mbuga, udongo wake ni wa kijivu kijivu, ukichimba kidogo unakutana na vijiwe vyeupe kama chaki. Hivyo vijiwe nilivijua tangu mtoto, tulikuwa tunachorea chini mchezo wa kuruka. Sikuwahi kufikiria kwamba ndo vitakuja kunila hela.

Msimu wa 2023/24 ndo ule wa El Nino, wote mnakumbuka mvua zile. Tukapanda mtama aina ya Macia katikati ya Desemba, mbegu ya dukani, trekta la kukodi, mbolea ya kupandia, yaani kila kitu kwa utaratibu. Krismasi nimeenda kusalimia nikakuta imeota vizuri mpaka nikapiga picha nikaweka status. Katikati ya Januari mjomba kanipigia, "Mbukwa mpwa, huku bondeni mtama unaumwa."

Nikaenda Jumamosi. Eka za juu kijani safi. Za chini, mabaka mabaka, sehemu hapa njano, sehemu pale njano mpaka karibu na weupe. Nikasimama nikaangalia kwa mbali, nikasema hii njaa ya naitrojeni, mvua imeosha mbolea yote, hilo hata mtoto anajua. Na hapo ndo kosa langu la kwanza, niliangalia kwa mbali. Sikuinama.

Ningeinama ningeona kitu ambacho leo namwambia kila mtu. Naitrojeni ikipungua mmea unaanza kuhamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo yanayoanza kuwa njano ni majani ya CHINI, njano inaanzia nchani inaingia katikati kama herufi V. Chuma hakihamishiki kirahisi hivyo. Kilichoingia kwenye jani la chini kinabaki hukohuko, kwa hiyo anayeteseka ni mtoto, yaani jani jipya linalochomoza juu, na linakuwa njano katikati ya mishipa wakati mishipa yenyewe inabaki kijani, ndo ile mistari. Wangu ulikuwa hivyo kabisa, majani ya chini ya kijani, ya juu yamepauka. Picha za siku ile ninazo mpaka leo kwenye simu, nikiziangalia nacheka kwa uchungu.

Urea mifuko miwili, kwa bei ya ruzuku mmoja elfu sabini na kitu, nikaimwaga yote eka mbili za chini. Vibarua wawili siku nzima. Wiki mbili mbele mabaka yako palepale, tena baadhi yamezidi. Nikarudi duka la pembejeo nilikozoea, kijana wa dukani bila hata kuuliza udongo ukoje kanipa chupa nane za busta, mbolea ya maji ya kupulizia majani, ananiambia kaka hii ina kila kitu ndani, ukipiga wiki moja unakuja kunishukuru. Kweli "kila kitu" kilikuwemo, ila ukisoma lebo kwa makini chuma kilikuwa kidogo mno, ni kama kutia chumvi punje tatu kwenye sufuria ya harusi. Sikusoma lebo. Nimesoma baadaye nyumbani nimeshatupa hela.

Hela yenyewe ilikuwa ya kikoba cha mama watoto. Sitaki kusema mengi hapa, ila kuna wiki mbili nilikuwa nakula ugali wa kimya kimya.

Bwana shamba na unyoya wa kuku

Aliyeniokoa ni afisa ugani wa kata, ni mwanamke lakini kijijini wote wanamwita bwana shamba na yeye anaitika tu. Mjomba alimwita bila kuniambia, nadhani alichoka kuona navyotupa hela. Nikamkuta ameshafika, kachuchumaa bondeni, kashika kijiwe cheupe mkononi. Akatoa kichupa cha siki, siki hii hii ya kachumbari, akadondoshea kile kijiwe. Kikaanza kutoa povu dogo dogo, ukisogeza sikio unasikia kama soda imefunguliwa mbali. Akaenda na kile kichupa mpaka eka za juu, akamwagia udongo mwekundu, kimya, imenyonya tu.

Akaniambia, "Baba, huku chini una chokaa. Mtama wako una njaa ya chuma."

Nikamwambia mama, udongo wa Dodoma wote ni mwekundu na wekundu wenyewe ni kutu ya chuma, tutakosaje chuma? Akacheka. Akasema chuma kipo tele hata huku chini, ila kimefungiwa kabatini. Nimekuja kusoma mwenyewe baadaye na ni kweli kabisa: chuma ni kama asilimia tano ya gamba lote la dunia, hakuna shamba lisilokuwa nacho, ila mmea unakula kile kilichoyeyuka tu, na kila pH (kipimo cha uchachu wa udongo, namba ikipanda uchachu unapungua) inapopanda namba moja, uyeyukaji wa chuma kwenye udongo unashuka karibu mara elfu. Kutoka pH 6 kwenda 8 hesabu mwenyewe. Na El Nino ikamalizia kazi, kwa sababu udongo wa chokaa ukijaa maji muda mrefu hewa chafu ya mizizi na vijidudu inakosa pa kutokea, inatengeneza baikaboneti nyingi zinazozidi kuuzuia mmea kutumia chuma. Ndo maana babu alikuwa anavuna bondeni miaka ya mvua za kawaida na hakuna aliyelia sana.

Kitu kingine nilichokuja kujua ni kwamba nafaka zina ujanja wao. Mizizi yake inatoa aina ya gundi inayokwenda kukamata chuma kwenye udongo na kurudi nacho ndani, Mjapani mmoja anaitwa Takagi ndo alieleza hilo mwaka 1976 baada ya kuchunguza maji ya mizizi ya oti, nafaka ile ya kulisha farasi, na ya mpunga. Sasa shayiri na ngano wanatoa gundi hiyo kwa wingi, mahindi kidogo, na mtama wetu ni wa mwishoni kabisa pamoja na mpunga. Yaani hili zao tunalosifia kwamba linavumilia kila kitu, ukame, jua, njaa, kwenye chokaa ni dhaifu kuliko ngano. Mi sikujua. Nadhani wengi hapa hatujui.

Kuhusu ile njano yenyewe, tulisoma shule ya msingi kwamba jani lina umbijani, wengine wanasema klorofili. Nilidhani chuma ndo kimo ndani ya umbijani, kumbe hapana, katikati yake kuna magnesiamu. Chuma kazi yake ni ya fundi, bila yeye hatua za kutengeneza umbijani zinakwama njiani, na pia mitambo ya kubeba nguvu ya jua ndani ya jani inahitaji chuma. Ndo maana jani likikosa chuma linapauka hata kama magnesiamu na naitrojeni zimejaa. Na ndo maana urea yangu haikufanya kitu, nililetea matofali kiwanja kisicho na fundi.

Basi bwana shamba akatoa kikopo cha unga wa kijani kama wa bahari, salfeti ya chuma, akachota kidogo akakoroga kwenye maji ya chupa na tone la sabuni. Akaokota unyoya wa kuku chini (kuku wa mjomba wanatembea mpaka huko), akauchovya, akapaka NUSU ya jani moja jipya, upande wa kulia tu, akafunga uzi mwekundu. Mashina matano, kila moja na uzi wake. Akasema mrudi baada ya siku tano sita, msipige kitu chochote.

Siku ya sita mjomba kanipigia video. Jani lina rangi mbili. Kulia kijani, kushoto njano, na mpaka wake umenyooka kama umechorwa na rula, na pale matone yalipoanguka bahati mbaya upande wa kushoto kuna madoa ya kijani, dotidoti. Sijawahi kufurahia dotidoti namna ile. Nawaambieni hiki kipimo ni cha bure kabisa, kabla hujanunua mfuko wa chochote fanya hiki. Isipobadilika ujue sio chuma, tafuta kingine, inaweza kuwa zinki, salfa, au maji yametuama tu.

Nikajua ugonjwa, bado nikakosea dawa

Mtu angedhani hapo nimepona. Wapi. Nikaagiza Dar kilo 25 za salfeti ya chuma, kilo elfu tatu na mia tano, nauli ya basi elfu tano. Ikafika, na mi kwa kiherehere changu, bila kumuuliza bwana shamba, nikawaambia vibarua waweke chini ya mashina kama urea. Kilo kumi na mbili zikaenda chini. Nikasubiri wiki mbili. Hakuna kitu. Nimempelekea habari bwana shamba akashika kichwa. Kumbe kwenye udongo wa chokaa ile salfeti ikigusa tu hewa na maji yale inageuka kutu ndani ya muda mfupi, inaingia kabatini na wenzake. Nilikuwa nimenunua kutu ya elfu arobaini na mbili nikaizika.

Kuna aina nyingine ya chuma kilichofungwa kwenye kitu kinaitwa kileti, kinakilinda kisigeuke kutu kwenye udongo, lakini na zenyewe zinatofautiana na wauzaji wengi hawatakuambia. Ya EDTA, ambayo ndo rahisi kuipata, ikishapita pH 6.5 hivi inaanza kukiachia chuma, kwa hiyo kuiweka kwenye udongo wangu ni hasara ileile ila ya bei kubwa. DTPA inafika kama 7.5. EDDHA ndo inahimili chokaa kweli, na bei yake ni ya watu wa maua na matunda, sio ya mtama wa gunia elfu sabini na tano. Nikaachana nazo.

Halafu nikakosea tena, hili la tatu au la nne sijui, nimeacha kuhesabu. Nikasema sasa napulizia majani. Kilo nzima kwenye bomba la mgongoni la lita 16, saa saba mchana, jua la Bahi mnalijua. Na maji nikachota kwenye kisima chetu kirefu, maji magumu yale yanayoacha magamba meupe kwenye birika. Ndani ya dakika chache maji ya bomba yamekuwa rangi ya chai ya rangi na uchafu mwekundu chini, nozeli inaziba, mjomba ananiangalia tu ananiambia "mpwa, hayo si maji ya kutu hayo?" Kesho yake mistari minane niliyopiga majani yameungua, ncha nyeusi na mabaka ya kahawia. Bahati nzuri nozeli iliziba mapema, la sivyo ningeunguza eka zote mbili.

Jinsi ilivyokuja kufanya kazi, na naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndo watu wanapokosea:

Maji ya mvua. Tuliweka mapipa mawili chini ya bati la mjomba. Kama huna, maji magumu yakamulie malimau kwanza, tindikali yake inasaidia chuma kisigeuke kutu haraka, mi hata kwenye maji ya mvua nakamua malimau manne kwa bomba. Kipimo ni gramu 160 kwa lita 16 mtama ukiwa mdogo, hiyo ni asilimia moja, ukishakuwa mkubwa kidogo gramu 320, asilimia mbili, basi, usiende zaidi. Pima kwa mizani, mi nilienda duka la Mangi nikapimiwa kwenye vifuko vya nailoni kimoja kimoja. Sabuni ya maji kijiko kimoja ili yashike kwenye jani. Koroga unayoitumia sasa hivi tu, ukilaza mpaka kesho unapulizia kutu. Jioni kuanzia saa kumi na moja, au asubuhi sana. Na rudia kila baada ya siku kumi hivi, kwa sababu kama nilivyosema chuma hakihami, jani ulilopulizia litakuwa kijani na jani litakalochomoza wiki ijayo litatoka njano vilevile, usije ukadhani dawa imeshindwa. Vaa glavu na nguo mbovu, ile kitu ikigusa shati haitoki, na kikopo kiwekwe mbali na watoto, madini ya chuma mtoto akila mengi ni sumu kabisa sio mchezo.

Kijani kilikuja, gunia halikuja

Tukapiga tarehe 20 Machi na tukarudia mara moja. Kulikuwa na kijana wa chuo anafanya utafiti wake maeneo yale, alikuwa na kile kimashine cha kubana jani kinachosoma umbijani, akatusaidia. Majani ya juu kabla ya kupulizia yalikuwa yanasoma 12, 14. Wiki mbili baadaye yanasoma 33, 35, na yale ya eka za juu yenye afya yalikuwa kwenye 40 hivi. Mi nikashangilia, nikamwambia mama watoto tumepona, hela ya kikoba inarudi.

Mwezi wa tano tumevuna eka mbili za bondeni magunia mawili na nusu. MAWILI NA NUSU, eka mbili. Masuke madogo kama ngumi ya mtoto. Na mistari sita ambayo hatukuipulizia kabisa haikuwa mbaya sana kuliko iliyopuliziwa, tofauti ilikuwepo ila ya kukodoa macho.

Hii ndo ilinisumbua kichwa kuliko hasara yenyewe. Mbona kijani kimerudi? Bwana shamba akanieleza tumekaa chini ya mbuyu, akachana shina la mtama mchanga wa kuchelewa kwa kisu kwa urefu, akanionyesha ndani kabisa chini chini kitu kidogo kama ncha ya sindano. Akasema hilo ndo suke. Mtama ukishafikisha kama mwezi mmoja tangu uote, wakati hata magotini haujafika, unakuwa umeshaanza kutengeneza suke ndani ya shina, na kuanzia hapo mpaka suke linapokaribia kuchomoza ndo inaamuliwa litakuwa na punje ngapi. Wa kwangu kipindi hicho chote ulikuwa njano, hauna nguvu ya kutengeneza chakula, kwa hiyo ukaamua suke dogo. Nilivyokuja kuurudishia kijani Machi punje zilishahesabiwa zamani. Majani yale ya kijani yalikuwa yanalisha watoto wachache tu.

Na ndo maana sikubaliani na mtu anayeniambia "nimepulizia chuma mtama ukawa kijani, kwa hiyo dawa nzuri." Nauliza, ulipulizia wiki ya ngapi, na ulivuna debe ngapi ukilinganisha na pasipopuliziwa. Kama hukuacha mistari bila kupulizia hujui kitu, unafurahia rangi tu.

Halafu mtama wenye njaa ya chuma unachelewa kukomaa. Wenzangu wameshavuna, wangu bado uko shambani peke yake, kweleakwelea wakahamia kwangu wote. Kati ya mavuno ninayodhani nilipoteza, sijui kiasi gani ni chuma na kiasi gani ni ndege. Mtoto wa kufukuza ndege nilimlipa wiki mbili zaidi ya nilivyopanga.

Msimu uliofuata

Mama watoto akasema bondeni pabaki malisho. Nikamwomba msimu mmoja. Kwanza nikapeleka udongo maabara, sampuli mbili, ya juu na ya chini kila moja peke yake, ukichanganya unapata jibu la shamba ambalo halipo. Majibu: juu pH 6.2, chini 8.3, na chuma kinachopatikana chini kilikuwa miligramu 2.6 kwa kilo ya udongo kwa kipimo cha DTPA, wakati chini ya 4.5 ndo wanahesabu kuna upungufu. Gharama ya maabara ilikuwa ndogo kuliko urea mfuko mmoja. Iniume tu.

Tukapanda mwisho wa Desemba 2024. Kupulizia mara ya kwanza wiki ya tatu tangu kuota, ya pili wiki ya nne na nusu, ya tatu wiki ya sita, hatukusubiri njano ikolee, ilipoanza tu kuonekana kwenye jani la juu kabisa tukaingia. Kwa eka ilikuwa mabomba sita, halafu nane, halafu kumi, jumla dawa elfu ishirini na tatu na mia tano, kibarua elfu nane kila mzunguko, malimau na sabuni kama elfu nne. Yaani kama elfu hamsini na mbili kwa eka.

Nikaacha mistari kumi katikati bila kitu, nikaweka vijiti na mifuko ya rambo juu yake ili kibarua asisahau. Na mistari mitatu ya eka za juu nikaipulizia makusudi nione, haikubadilika chochote zaidi ya kupata vidoa vya kutu. Chuma kwenye udongo usiokihitaji ni kumwaga hela, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Siku ya kuvuna tulipiga kila mistari kumi peke yake kwenye turubai lake. Isiyopuliziwa, debe moja na sado moja. Iliyopuliziwa, debe tatu. Bondeni kote tulipata magunia nane kwa eka mbili, na mvua haikuwa ile ya mwaka uliotangulia kwa hiyo sitaki kusema yote ni chuma, hata isiyopuliziwa ilifanya vizuri kidogo kuliko msimu wa El Nino. Lakini tofauti ya turubai na turubai, mvua ileile, siku ileile, mbegu ileile, hiyo nina amani nayo. Ukipiga hesabu kwa eka ni kama magunia mawili na nusu zaidi, kwa bei niliyouza ni laki na themanini na kitu, toa hamsini na mbili. Sio utajiri. Kikoba kimerudishwa kwa mafungu.

Zizi la babu

Kuna kitu nimekiacha makusudi mpaka hapa kwa sababu ndo kinaniuma zaidi.

Ile Januari ya kwanza, katikati ya mabaka yote ya njano, kulikuwa na duara moja la kijani. Karibu kamili, kipenyo kama hatua ishirini na tano. Nililiona, liko mpaka kwenye picha zangu, nikadhani vibarua walizidisha mbolea pale. Msimu wa pili nikaligundua tena, palepale, mtama umesimama kijani bila kupuliziwa. Nikamuuliza mjomba. Akaniambia bila hata kugeuka, "Pale? Pale ndo ilikuwa zizi la babu yako. Ng'ombe walilala pale mpaka mwaka aliofariki."

Nikamwambia mjomba, mbona hukusema? Akasema, "Hukuuliza. Ulikuja na mifuko."

Bwana shamba anasema samadi iliyooza inatoa vitu vinavyokishika chuma kikabaki kinayeyuka, kama kile kileti cha bei mbaya ila cha bure, na inaupa udongo hewa maji yasituame. Zizi limeondoka miaka mingi na bado linafanya kazi. Msimu uleule kuna mistari kumi nyingine tulikuwa tumeiwekea samadi ya mikokoteni minne kabla ya kupanda na kuipulizia pia, hiyo turubai lake lilitoa debe karibu nne.

Sasa mjomba anataka bondeni tubadilishe tupande karanga, nimemkatalia maana karanga kwenye chokaa na yenyewe inapata njano hiyohiyo tena vibaya, alizeti afadhali, mizizi yake inaweza kuuchachua udongo unaoizunguka. Tumekubaliana nusu eka alizeti tuone. Na kiangazi hiki nimeongea na mfugaji mmoja wa jirani, ana ng'ombe kama sitini, alaze bondeni kwetu, kila wiki mbili anahamisha boma la miba hatua thelathini. Yeye anapata mabua yote ya eka tano bure. Alitaka na elfu hamsini juu, tukabishana mpaka jioni, mjomba akamaliza kwa debe mbili za mtama na jogoo. Boma la kwanza limeshahamishwa jana. Nimemwambia mjomba achomeke kijiti pale lilipokuwa.